Mume kafariki bila wosia, shemeji kashika funguo za Haisi na hesabu anakula yeye. Nianzie wapi?

MamaPili_Tabata

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, na mwenye kejeli apite kimya kimya.

Mume wangu alifariki mwezi wa tatu, presha. Hakuacha wosia, si wa maandishi wala wa mdomo. Tuna watoto wawili, mkubwa wa kike yuko darasa la sita, mdogo wa kiume yuko chekechea. Nyumba tumepanga. Mali ya kueleweka ni Haisi moja inayopiga daladala, na kiwanja Chanika ambacho hakijamalizwa kulipiwa. Haisi tulinunua 2019. Yeye aliuza bodaboda mbili, mimi nikakopa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na kulipa mkopo mwenyewe kwa biashara ya genge langu. Kadi ya gari ikaandikwa jina lake peke yake, na sikuona neno.

Tulipoanua tanga, mdogo wake marehemu akachukua funguo na kadi, akasema anatunza mpaka ukoo ukae. Ukoo umekaa bila mimi. Hesabu ni elfu sitini kwa siku na dereva anampelekea yeye. Mwanzoni aliniletea mchele na elfu hamsini, sasa simu yangu hapokei. Dereva nikimuuliza ananiambia, "Mama, tajiri wangu kwa sasa ni bro, mimi naomba usiniponze." Na nimesikia gari linatafutiwa mteja.

Hili gari ni la nani? Anaweza kuliuza kwa kadi ile? Niende polisi, serikali ya mtaa au mahakamani?

Kijiwe_Nongwa

Pole sana dada. Ngoja waje wajuzi, mie nimekaa pale.

Suka_GongoLaMboto

Pole mama. Dereva wako usimchukie, sisi tunamtii aliyeshika funguo. Akikataa leo, kesho asubuhi gari analo deiwaka, dereva wa kibarua cha siku.

Ila piga hesabu. Elfu sitini mara siku sita ni laki tatu na sitini kwa wiki. Hata ukitoa sevisi na tairi, huyo bwana anaingiza hela ya maana, hawezi kuwa na haraka ya kikao chochote. Ndiyo maana hapokei simu.

Mzee_wa_Tozo

Wanawake bwana. Mume hata udongo haujakauka, tayari gari. Mila zetu mali ni ya ukoo, mjane analelewa na watoto wake. Tulia, shemeji yako atakutunza.

Bint_Pangani

@Mzee_wa_Tozo kilo kadhaa za mchele ndiyo kutunzwa? Mtoto wa chekechea ndiye atamlea mama yake? Soma alichoandika.

Karani_Mstaafu

Mleta mada, pole kwa msiba. Nimekaa masjala ya mahakama miaka mingi, na kesi za gari zilikuwa zinanisikitisha kuliko za nyumba. Nyumba mnaweza kugombana miaka kumi mkaikuta palepale, pengine imepanda bei. Gari linalotembea barabarani linaisha wakati ninyi mnabishana. Nimeona wenye haki wakikabidhiwa bodi lisilo na injini, na hukumu mkononi.

Kwa hiyo swali la "ni la nani" ni la pili. La kwanza ni nani analishika sasa na anatoa hesabu kwa nani.

Kisheria, tangu siku mumeo alipofariki lile gari ni mali ya mirathi. Si la shemeji yako. Hata wewe huwezi kuliuza peke yako kesho. Anayeruhusiwa kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina tu, hakiteui. Na aliyeingilia mali ya marehemu bila kuteuliwa anaweza kutakiwa arudishe alichochukua, hizo hesabu zikiwemo. Anza kuandika daftari leo: siku gari lilizotembea, ruti gani, dereva nani.

Sasa nijibu haya: ndoa yenu ilikuwa ya aina gani? Mumeo alikuwa dini gani, na aliishije? Majibu yako yanabadilisha kila kitu kwenye mgao.

MamaPili_Tabata

Asante sana Karani. Ndoa ya kanisani, cheti ninacho. Mume wangu kazaliwa na kukulia Ilala, kijijini kwao alikuwa akienda misibani tu. Kabila lake hata kuongea alikuwa anababaisha. Mama mkwe yupo hai, anaishi na huyo shemeji. Baba mkwe alishatangulia.

Karani_Mstaafu

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Tanzania Bara mtu asiyeacha wosia anaweza kurithiwa kwa sheria tatu tofauti. Mahakama inaangalia namna marehemu alivyoishi na nia yake, siyo kabila lake tu.

Akionekana aliishi kimila, zinatumika kanuni za Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963. Mle ndani mjane hana fungu kama marehemu ameacha watu wa ukoo wake, anatunzwa na watoto. Watoto nao wana madaraja: mtoto wa kiume wa kwanza anapewa zaidi, na wa kike wako daraja la tatu, mwisho kabisa. Hiyo ndiyo "mila" anayoisema Mzee wa Tozo, na kwa bahati mbaya hajaitunga, imeandikwa. Wajane wawili wa Shinyanga waliipinga. Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikubali kwamba inabagua lakini haikuifuta, Mahakama ya Rufani mwaka 2010 ikaitupa rufaa yao kwa kasoro ya kiutaratibu. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema Tanzania imevunja haki zao.

Akiwa Mwislamu aliyeishi Kiislamu, ni mafungu ya Qur'ani.

Mkristo aliyeachana na maisha ya kimila, kama unavyomweleza mumeo, tunaangukia Sheria ya Urithi ya India ya 1865. Ndiyo, ya India, Mwingereza alituletea na ipo mpaka leo. Humo mjane mwenye watoto anapata theluthi moja, watoto theluthi mbili. Kama hakuna watoto, nusu kwa mjane na nusu kwa ndugu wa marehemu. Gari la milioni 24, kwa mfano, lako milioni 8, la watoto 16. Shemeji hapo hayumo. Mama mkwe pia hayumo, ingawa kibinadamu mnaweza kukubaliana mumtazame.

Kwa hiyo shemeji akisema "sisi tunafuata mila", anajua anachokifanya. Jiandae na ushahidi wa maisha ya mumeo: cheti cha ndoa, watu wa jumuiya, majirani wa Ilala.

Tajiri_Mtoto

Kumbe! Mimi nilidhani mke anachukua nusu moja kwa moja kwa sababu walichuma wote. Sheria ya Ndoa si inasema hivyo?

Wakili_Kijana

@Tajiri_Mtoto wengi wanachanganya. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinahusu kugawana mali kwenye talaka au kutengana. Kesi maarufu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983, iliyosema kazi za nyumbani ni mchango, nayo ilikuwa ya talaka. Kifo ni mlango mwingine.

Lakini mleta mada ana hoja nzuri zaidi ya theluthi. Kifungu cha 60 cha sheria hiyohiyo kinasema mali ikiwa kwa jina la mwenzi mmoja inachukuliwa kuwa ni yake, ila dhana hiyo inaweza kuvunjwa kwa ushahidi. Mama, daftari la VICOBA lipo? Katibu wa kikundi anaweza kuja kusema ulikopa kiasi gani, lini, kwa shughuli gani? Ukithibitisha sehemu ya bei ilitoka kwako, sehemu hiyo ni yako kama mmiliki mwenza na haitakiwi kuingia kwenye mirathi kabisa. Kinachogawanywa ni kilichobaki.

Baba_Kulwa

Jamani na sisi mashemeji tusikilizwe. Mimi kaka yangu alinunua Noah, milioni tano nilitoa mimi kwa mauzo ya ng'ombe za baba. Alipofariki, mkewe akaibuka na kadi, "gari la mume wangu". Hakuna karatasi, tulikuwa ndugu, nani anaandikishana na kaka yake? Niliambulia patupu na watu mtaani wananiita mnyang'anyi. Si kila shemeji anayeshika funguo ni mwizi.

Bint_Pangani

Hilo sawa Baba Kulwa, lakini wewe ulikuwa unadai deni. Wa mleta mada hajasema anadai chochote.

Karani_Mstaafu

Baba Kulwa ana hoja. Ndugu aliyechangia ni mdai. Anapeleka dai lake kwa msimamizi, na madeni yanalipwa kabla ya mgao, hata kabla ya mjane. Muamala wa simu, ujumbe, shahidi aliyekuwepo ng'ombe wakiuzwa, vyote vinasikilizwa. Asichoruhusiwa ni kujilipa mwenyewe kwa kushika funguo.

Shani_wa_Mkele

Naomba niulize palepale. Sisi Waislamu. Kaka yetu kaacha mke, mama yetu, na mabinti wawili. Gari aina ya Canter. Mimi na ndugu yangu mwingine wa kiume tunaambiwa tuna haki, shemeji yetu anasema hatuna.

Ustadh_Makorora

Tuchukue milioni 24 za Karani, zinagawanyika vizuri. Kwanza toeni gharama za mazishi na madeni, na mahari ya mke kama hakulipwa ni deni. Nachukulia baba yenu hayupo hai, na kwamba ninyi ni ndugu wa baba na mama mmoja. Mjane ana thumuni, yaani moja ya nane, kwa sababu kuna watoto: milioni 3. Mama ana sudusi, moja ya sita: milioni 4. Mabinti wawili wana thuluthi mbili kwa pamoja: milioni 16, nane kila mmoja. Jumla 23. Inabaki milioni moja, hiyo ndiyo yenu ndugu, mnagawana.

Lakini angalia: angekuwepo mtoto mmoja tu wa kiume, ninyi msingepata hata senti. Mfano mtoto wa kiume mmoja na wa kike wawili: mjane 3, mama 4, iliyobaki 17 wanagawana watoto, wa kiume 8.5, kila wa kike 4.25. Ndugu wamezuiwa.

Kwa hiyo shemeji yenu amekosea, na ninyi pia kama mnagombania Canter zima kwa fungu hilo, mjitafakari.

Shani_wa_Mkele

Milioni moja?? Tulikuwa tunalipia wakili zaidi ya hiyo. Shukrani ustadh.

Kijiwe_Nongwa

😂😂 Shani usituache, toa mrejesho.

Mkaazi_wa_Likoni

Huku kwetu Kenya kuna kitu watu hawakijui. Sheria yetu ya Urithi, Sura ya 160, inampa mjane au mgane vitu vya nyumbani na vya matumizi binafsi moja kwa moja, na mali iliyobaki anakuwa na haki ya kuitumia maisha yake kisha inakwenda kwa watoto. Basi watu hudhani gari ni kitu cha nyumbani. Tafsiri ya kifungu cha 3 inatoa nje gari lililohusiana na biashara au kazi ya marehemu. Kwa hivyo matatu haiingii kwenye vitu vya nyumbani, inaingia kwenye urithi wa jumla.

Na kifungu cha 45 kinafanya kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya mahakama kuwa kosa la jinai. Shemeji kama huyu angeogopa kidogo. Mjane pia ndiye wa kwanza kwenye orodha ya wanaopewa kusimamia mirathi.

Fundi_Gerezani

Niseme la kwetu mafundi, maana wanasheria hawashiki spana.

Mama, piga picha za hilo gari wiki hii, hata ukilikuta kituoni. Namba ya chesesi, namba ya injini, kilomita, tairi zote nne na stepni, betri. Kwenye kadi namba za chesesi na injini zipo, kama huna kadi tafuta kopi kwa wakala wa bima au kwenye simu ya marehemu. Haisi yenye injini ya 5L nzima ina thamani, na injini hiyo inatoka asubuhi, mchana iko dukani kwangu, jioni gari limewekewa chakavu inayovuta. Bodi ni ileile, namba za usajili ni zilezile, familia haijui mpaka siku mthamini anafungua boneti. Nozo, staata, jenereta, rejeta, zote zinabadilika hivyohivyo.

Nimeshaletewa. Nikauliza kadi, nikaambiwa "mwenye gari kafariki, mimi ndo msimamizi". Barua ya mahakama hana. Nikawarudisha, wakaenda duka la jirani.

Bima_na_Barabara

Kuna hatari nyingine hakuna aliyeitaja. Bima na leseni ya usafirishaji ya LATRA ziko kwa jina la nani? Kama ni marehemu, na shemeji anakwenda kukata bima mpya kwa jina la mtu aliyekufa bila kuwaambia kampuni, siku gari likigonga mtu kampuni itakuwa na sababu ya kubishana. Abiria au aliyegongwa atadai mirathi, maana kadi inasoma marehemu. Toa taarifa ya kifo kwa maandishi kwa kampuni ya bima na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Na kwa wanaosoma: kama gari lilinunuliwa kwa mkopo wa benki, tafuteni kama kulikuwa na bima ya mkopo. Mara nyingi mkopaji akifariki bima inamaliza deni. Nimeona familia zinauza gari kulipa deni ambalo bima ingelilipa.

MamaPili_Tabata

Nimesoma yote mara mbili. Daftari la VICOBA lipo na katibu kakubali kuja. Cheti cha kifo tayari nimechukua RITA, kwa wasajili wa vizazi na vifo. Jana nilienda polisi, wakaniambia hili ni la madai, niende mahakamani. Mahakama ipi sasa?

Karani_Mstaafu

Polisi wamesema sawa kwa hatua hii. Akighushi sahihi ya marehemu kwenye hati ya mauzo, hapo inakuwa jinai, rudi kwao.

Uko Dar, nenda kituo jumuishi cha masuala ya familia, Temeke. Mirathi na ndoa zinasikilizwa pale, na mahakama za ngazi zote ziko sehemu moja, hivyo hawatakupeleka kwingine kwa daladala. Uliza dirishani shauri lako liingie ngazi ipi. Mahakama ya Mwanzo imezoea mirathi ya kimila na ya Kiislamu, na nimeona mashauri ya Wakristo yakifutwa baada ya mwaka mzima kwa pingamizi la mamlaka tu. Msiruke swali hilo.

Beba cheti cha kifo, cha ndoa, vya kuzaliwa vya watoto, na barua ya serikali ya mtaa. Wataulizia muhtasari wa kikao cha familia. Ukoo wakikataa kukupa, sema hivyo wazi: walikaa bila mjane. Muhtasari unasaidia kuonyesha nani anakubaliana na nani, ila kukosekana kwake peke yake hakukufungii mlango. Hakuna sheria inayosema msimamizi awe mwanaume.

Tangazo litabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Usisubiri liishe ndiyo uombe ulinzi wa gari. Omba zuio mapema: gari lisiuzwe, kadi ipelekwe mahakamani, hesabu ziingie akaunti itakayoelekezwa. Nakala ya amri peleka TRA, mamlaka ya mapato, wanaosajili magari. Uhamisho wa gari la marehemu unahitaji barua ya usimamizi, ila kuna wanaouza "kwa kadi" bila kuhamisha jina, halafu mnunuzi anapotelea Kahama.

Kama ni Mahakama ya Mwanzo ikikuteua utapewa Fomu Namba IV. Ndani ya miezi minne unapeleka orodha ya mali na madeni, Fomu Namba V, kisha hesabu zako kwa Fomu Namba VI. Ngazi za juu ni miezi sita kwa orodha na mwaka kwa hesabu. Na wewe ukiteuliwa, jua kwamba msimamizi si mmiliki. Hesabu za daladala utaziandika kama unavyotaka shemeji aziandike.

Mzee_wa_Tozo

Haya, basi akishapewa gari aolewe na mwingine mali ya ukoo ipande kitanda cha watu.

Wakili_Kijana

Kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa, mzee. Mjane yuko huru kuishi anapotaka na kuolewa na amtakaye, mila iseme isemavyo. Na theluthi mbili ni za watoto wa ndugu yenu mwenyewe, damu yenu.

Dada_wa_Mwenge

Swali chokozi: vipi ikitokea nyumba ndogo na mtoto? Maana madereva wetu tunawajua.

Wakili_Kijana

Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 10, inakataza kumnyima mtoto matumizi ya kawaida ya mali ya mzazi wake. Baba akithibitika, mtoto anadai. Kwa mirathi ya Kiislamu mtoto wa nje ya ndoa hamrithi baba, hapo kuna mvutano mpaka leo mahakamani. Mama wa mtoto naye anaweza kutumia kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kama waliishi pamoja miaka miwili na watu wakawajua kama mke na mume, lakini kama ndoa ya kanisani ilikuwepo, dhana hiyo haimsaidii.

MamaPili_Tabata

MREJESHO. Mwenyekiti wa mtaa alimwita shemeji, akaja na mama mkwe. Mama mkwe alilia, akasema yeye hakujua kama watoto hawajalipiwa ada, alikuwa anaambiwa hela naletewa. Shemeji akakubali kurudisha funguo za akiba. Kadi akasema hana! Eti iko kwa mtu Mbagala, marehemu aliiweka rehani akakopa milioni mbili za injini.

Ni kweli injini ilibadilishwa mwaka jana. Mkopo huo mimi sikuambiwa.

Fundi_Gerezani

Injini ya milioni mbili iwe na risiti. Muulize alinunua duka gani. Linganisha namba iliyoko kwenye bloku na iliyoandikwa kwenye kadi. Kama ilibadilishwa na TRA hawakujulishwa, zitatofautiana.

Karani_Mstaafu

Kama mkataba upo, huyo bwana wa Mbagala ni mdai kama Baba Kulwa. Aulete kwa msimamizi, deni liorodheshwe kwenye fomu ya mali na madeni, alipwe kutoka kwenye hesabu za gari. Kushika kadi hakumpi gari. Mwambie kwa upole, usimtishe, maana sasa hivi yeye kuishika ndiko kunakozuia shemeji asiuze.

Suka_GongoLaMboto

Hapo Karani umeua 😂

MamaPili_Tabata

Nimeongea naye kwa simu. Ni mtu mzima, ana mkataba wenye sahihi ya mume wangu na shahidi, deni limebaki laki tisa. Kasema kadi haitoi kwa mtu yeyote mpaka aone barua ya mahakama. Jumatatu nafungua shauri Temeke, katibu wa VICOBA tunaongozana. Mama mkwe kasema atakuja pia, kusema mwanawe aliishi vipi.